Anayelala kibarazani aulizwe kabla ya kuamuliwa

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Tanga mjini, na karibu zote zinazungumzia watu wanaolala nje. Tumechagua zile zinazouliza namna ya kuwashirikisha watu hao katika mipango ya makazi na ustawi, kwa kuwa hapo ndipo mipango mingi inapokwama: huandikwa na waliolala kitandani kwa niaba ya waliolala kwenye boksi. Majibu yameandaliwa na watu wa ustawi wa jamii na mipango miji.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa mtaa, Ngamiani. Kwenye vibaraza vya maduka hapa kwetu hulala watu kama ishirini. Tunaandaa mapendekezo ya mtaa kwa ajili ya bajeti, nikaona si vyema kuwasemea. Nikatangaza kikao saa kumi jioni ofisini kwangu, nikamtuma mjumbe awaambie. Hakutokea hata mmoja. Sasa wajumbe wananiambia hawa watu hawataki kusaidiwa. Nifanyeje?

JIBU: Mwenyekiti, kabla ya kuwalaumu tazama saa na mahali ulipowaitia. Saa kumi jioni ndipo kibarua kinapopatikana. Kuna kufunga meza sokoni, kurudisha magunia stoo, kuosha vyombo vya mama lishe kwa malipo ya sahani ya ugali. Anayekula kwa kibarua cha siku akizikosa saa hizo za jioni hulala na njaa. Halafu kuna ofisi yenyewe. Kwako wewe ni mahali pa huduma, lakini aliyewahi kuamshwa na mgambo alfajiri akaitwa mzururaji huiona ofisi yoyote yenye bendera kuwa mahali pa kukamatiwa. Na liko jambo la tatu, ambalo sisi tunaofunga mlango usiku hatulifikirii: mzigo. Salfeti lenye nguo, kitenge, sufuria na boksi la kulalia halina pa kuachwa. Akiliacha litaibiwa au litazolewa pamoja na taka. Akija nalo kikaoni, macho yote yatakuwa kwenye lile salfeti.

Kwa hiyo anza wewe kwenda. Nendeni wawili, msizidi, na mmoja wenu awe mtu wanayemjua. Mara nyingi huyo ni muuza kahawa, mlinzi wa duka au mama wa uji wa alfajiri. Saa nzuri ni kati ya saa tatu na saa nne na nusu usiku, maduka yakishafungwa na watu hawajashikwa na usingizi. Msichukue picha. Msibebe fomu ya kusaini. Msitoe ahadi. Siku ya kwanza waambieni mambo matatu tu: ninyi ni akina nani, mnataka kuulizana nini, na kwamba anayekataa kuzungumza hatapata shida yoyote. Rudini mara mbili tatu ndipo muitishe kikao, na saa ya kikao waipange wao.

Kikao kiwe cha watu 8 hadi 12, kisizidi dakika 90. Wakiwa wengi zaidi ya hapo watasema wawili wenye sauti, wengine watatikisa kichwa. Mahali pawe pasipo na sare: uwanja wa madrasa baada ya vipindi, ukumbi wa kanisa, kivuli cha mwembe. Wawekeeni kona ya mizigo mahali ambapo kila mmoja anaona mzigo wake. Wanawake wafanye kikao chao peke yao, kikiongozwa na mwanamke. Habari za choo, hedhi na usalama wa usiku hazisemwi mbele ya wanaume, hasa pale ambapo anayeogopwa naye amekaa mlemle.

Msianze na maswali ya "mnahitaji nini". Swali hilo huleta majibu mawili tu, chakula na mtaji, kwa sababu ndivyo watu walivyozoea kuvipata kwa wageni wenye daftari. Chukua chaki, chora barabara za mtaa sakafuni. Barabara za Ngamiani zina namba, hivyo kuchora ni rahisi, kila mtu atajua Barabara ya Sita ni ipi. Mpe kila mmoja jiwe, kizibo cha soda na kijiti. Jiwe aliweke anapolala, kizibo anapopata maji na choo, kijiti alipowahi kufukuzwa, kuibiwa au kupigwa. Nusu saa ikipita ramani inasema yenyewe. Ukiona vizibo vyote viko mbali na mawe, na choo cha kulipia kilicho karibu hufungwa saa mbili usiku, umepata pendekezo la kwanza ambalo halihitaji kujenga kitu: mlinzi wa zamu na choo kifunguliwe hadi asubuhi. Ukiona vijiti vimerundikana kwenye kichochoro kimoja, hapo ndipo pa kuweka taa. Nakilini ramani kwenye karatasi, kisha futeni chaki kabla ya kuondoka. Ramani hiyo inaonyesha watu wanalala wapi, na si kila atakayepita pale anawatakia mema.

Sasa posho. Wataalamu wakiitwa kwenye kikao hulipwa, na anayelala nje naye amekuja na ujuzi ambao hakuna mwingine anao. Mlipe angalau kile ambacho angepata kwenye kibarua kwa muda uleule, na ongeza kidogo. Tuseme watu 10 kwa shilingi 10,000 kila mmoja, inakuwa 100,000. Chakula cha watu 12 kwa 3,500 ni 42,000. Nauli ya wanaotoka mbali 20,000, chaki, karatasi na kalamu 10,000. Jumla 172,000. Weka bei za mtaani kwako, lakini usipunguze posho ili uongeze karatasi. Ilipwe mkononi, siku hiyohiyo, mwisho wa kikao. Kuituma kwa simu kutawaacha nje walio wengi, kwani laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na hilo ndilo wasilokuwa nalo. Atakayeipokea kwa simu ya mwenzake atakatwa humo njiani.

SWALI: Nalala soko la Mgandini, mwaka wa tatu huu. Kwetu ni Lushoto. Kitambulisho cha taifa sina. Nikienda mkutano wa mtaa naambiwa ni wa wakazi. Kweli sina haki ya kusema?

JIBU: Ndugu yetu, unayo. Ibara ya 21 ya Katiba, kifungu kidogo cha pili, inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia maamuzi ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Haikutaja nyumba wala hati. Mkutano mkuu wa mtaa nao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mkazi ni anayeishi pale. Mpangaji hana nyumba na hakuna anayemzuia, basi miaka yako mitatu pale sokoni nayo ni ukazi.

Kinachokukwamisha ni karatasi. Nenda kwa mtendaji wa mtaa ukiwa na mashahidi wawili wanaokuona kila siku, kwa mfano kiongozi wa soko na mama lishe unayemchotea maji. Omba barua ya utambulisho. Patakuja swali: "Nyumba namba ngapi, mwenye nyumba nani?" Hapo wengi hurudi nyuma. Tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022 watendaji wamezoea kuandika namba ya nyumba, na wewe huna. Mwombe aandike mahali kama palivyo: "anaishi eneo la soko la Mgandini, upande fulani, tangu mwaka fulani." Hiyo ni taarifa ya kweli na inatosha kumtambua mtu. Akikataa, mwulize kwa upole sababu, kisha nenda kwa mtendaji wa kata na mashahidi walewale.

Barua hiyo ikipatikana, kitambulisho cha taifa kinakuwa karibu. NIDA watataka pia ushahidi wa kuzaliwa, na kwa kuwa Lushoto ni mkoa huuhuu, mwombe ndugu akutafutie cheti cha kuzaliwa au cheti cha shule huko. Nakala moja mwachie mtu unayemwamini, nyingine itie kwenye nailoni mbili. Mvua ya masika ikishaingia kwenye salfeti unaanza upya yote.

Kuhusu hofu ya kukamatwa kwa sababu tu unalala nje, jua hili: tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa maoni ya kisheria kwamba sheria za uzururaji zinazomfanya mtu mkosaji kwa hali yake, bila kosa alilotenda, zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Maoni hayo hayamfungi mgambo wa sokoni moja kwa moja, lakini yanafaa kutajwa kwenye kikao chochote kinachojadili kuwaondoa watu. Mwenyekiti asiyejua ataambiwa, na muhtasari utayabeba.

SWALI: Kikundi chetu cha vijana kinataka kuhesabu wanaolala nje hapa jijini ili tuwe na namba ya kupeleka kwa madiwani. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni na wanaolala nje wenyewe, kama wahesabuji. Hii si heshima ya mdomo. Mgeni akipita saa saba usiku ataona maboksi matatu mbele ya duka, lakini anayelala hapo anajua kwamba wa nne yuko nyuma ya tanki la maji. Katika Mumbai mwaka 1985, ilipokaribia hukumu iliyoruhusu halmashauri kuwaondoa watu wa kandokando ya barabara, familia zenyewe zilishiriki kuhesabu maelfu ya kaya zilizoishi kwenye vijia vya waenda kwa miguu. Mji ulikuwa ukiwaita wapitaji. Hesabu ikaonyesha ni watu wa miaka mingi, wenye kazi, wanaolea watoto palepale. Mazungumzo yao na serikali yalianzia kwenye hesabu hiyo.

Gaweni jiji vipande vinavyotembeka kwa saa mbili: Ngamiani, eneo la Mkwakwani, stendi ya Kange, Mgandini na Makorora, ufukwe wa Deep Sea, nje ya Hospitali ya Bombo. Kila kipande kipate watu wawili wawili, mmoja anayelala nje na mmoja wa kikundi. Piteni usiku kati ya saa sita na saa kumi alfajiri. Kabla ya saa sita watu bado wanazunguka na mtahesabu mmoja mara mbili. Baada ya saa kumi wapagazi wameshaamka. Vipande vyote vifanywe usiku mmoja, na zoezi lirudiwe mara tatu: usiku wa siku ya kazi, usiku wa mwisho wa wiki, na usiku mmoja wa mwezi mwingine. Msichague Ramadhani peke yake, maana mwezi huo watu huja mjini kwa ajili ya futari na sadaka, namba itapanda kisha ianguke na mtaambiwa mlitia chumvi.

Deep Sea panahitaji jicho la ziada. Namba ya pale hufuata mwezi. Siku za giza, mashua za dagaa zinapotoka na taa, wachuuzi na wapagazi hulala diko, pale samaki wanaposhushwa, wakisubiri mzigo wa alfajiri. Mbalamwezi ikikomaa, pwani inakuwa tupu. Wengi wa hao wana vyumba vyao Chumbageni au Mabawa. Ukiwahesabu wote umeharibu hesabu, na diwani anayejua bahari atakukamata hapohapo. Kinachowatenganisha ni swali moja: "Je, kuna mlango hapa mjini unaoweza kuufungua na kulala leo ukitaka?" Anayejibu ndiyo, mwacheni alale.

Maswali yasizidi saba, na anayelala fofofo asiamshwe. Andikeni ameonekana, basi. Majina msiandike. Ili msirudie mtu, tumieni alama: herufi mbili za mwanzo za jina la mama, mwaka wa kuzaliwa, na jinsia. MW-1988-ME haimwambii mgambo kitu, lakini nyinyi inawatosha. Hapa ndipo makundi mengi hukosea. Orodha yenye majina na sehemu za kulala ikishatoka mikononi mwenu, kuna siku itatumiwa kwenye operesheni ya usafi, na hakuna atakayewafungulia mdomo tena.

Jambo jingine. Hesabu ya usiku huwakosa wanawake. Mwanamke asiye na pa kulala hujificha: atakaa na ndugu wa wagonjwa nje ya Bombo akijifanya ana mgonjwa, atalala jikoni kwa mtu kwa malipo ya kazi za ndani, au atavumilia nyumba anayopigwa. Kwa hiyo ongezeni siku mbili za kuulizia mchana, kwa kupitia wauza uji, wahudumu wa zahanati na wasusi. Namba hizo zibaki safu yake peke yake. Msizichanganye na za usiku.

Sensa ya Agosti 2022 nayo ilikuwa na utaratibu wa kuwafikia wasio na makazi maalumu usiku wa kuamkia siku ya sensa. Ila usiku mmoja kwa nchi nzima hauwezi kukuambia kichochoro kipi kinahitaji taa. Kazi hiyo ni yenu.

SWALI: Kata yetu imekubali kumpa kiti mtu mmoja aliyewahi kulala nje katika kikosi kazi cha makazi. Inatosha?

JIBU: Mmoja ni mwanzo. Marekani kanuni za fedha za serikali kuu za kupunguza ukosefu wa makazi hulazimisha angalau mtu mmoja asiye na makazi, au aliyewahi kukosa, awemo kwenye bodi inayotoa maamuzi. Kanada, kwa sheria ya mwaka 2019, iliunda baraza la taifa la makazi ambalo ndani yake wanatakiwa kuwemo watu waliopitia hali hiyo. Lakini kiwango cha chini kabisa cha sheria kisigeuzwe lengo.

Mmoja hulemewa. Akisema jambo gumu anaonekana mkorofi, akinyamaza inaandikwa kwamba "wahusika walikubali". Akiugua, kundi zima limetoweka. Na wenzake kule kibarazani hawachelewi kusema amenunuliwa. Wekeni wawili, mmoja mwanamke, pamoja na wa akiba wawili. Muda uwe miezi 12, kisha waingie wengine. Anayeingia akae vikao viwili na anayetoka.

Wachaguliwe na wenzao, na wawe na njia ya kurudi kwao. Mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, ulipotangazwa eneo maalumu la upangaji mwaka 2017, kaya zilijipanga kumikumi, kila kumi na msemaji wake, na makumi kumi yakaungana kuwa kundi la kaya mia. Maoni yalipanda na majibu yakashuka kwa ngazi hizo. Kwa watu ishirini wa Ngamiani hamhitaji ngazi ndefu hivyo, ila kanuni ni ileile: mjumbe awe na watu anaowajibika kwao kwa sura.

Siku mbili kabla ya kikao mtu wa ustawi akae nao saa moja, awasomee ajenda kwa maneno ya kawaida. Ajenda ikiandikwa "urasimishaji na uboreshaji wa maeneo yasiyopangwa", waelezwe kwamba maana yake ni nyumba zipi zitapimwa, zipi zitapitiwa na barabara. Na lililo kubwa kuliko yote: waulizeni viongozi, kura wanayo? Katika kamati ya maendeleo ya kata wajumbe huwekwa na sheria, wengine ni waalikwa tu. Kwenye kikosi kazi ambacho kata imekiunda yenyewe, hakuna kinachozuia kuwapa kura. Iandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha kwanza, maana isipoandikwa siku hiyo haitaandikwa tena.

SWALI: Nina nyumba ya vyumba sita Makorora. Nasikia eti watu wa barazani wataulizwa kuhusu sera ya upangaji. Mtu asiyeweza kulipa kodi ana lipi la kunifundisha?

JIBU: Mama, swali lako ni la haki, maana hasara ya mpangaji asiyelipa unaibeba wewe. Tufanye hesabu. Chumba cha shilingi 30,000 kwa mwezi, kodi ya miezi 6 mkupuo ni 180,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja, 30,000. Ni 210,000 kabla ya kununua godoro. Mbeba mizigo anayepata 6,000 kwa siku anaweza kuweka kando 1,500 kila siku. Kwa mwezi ni 45,000, zaidi ya kodi yako. Kinachomshinda ni kuikusanya ile 210,000 akiwa analala mahali ambapo hata soksi huibiwa mguuni.

Anayepanga sera akiwa hajamuuliza huyu mtu ataandika kwamba tatizo ni kipato, atapendekeza mikopo ya biashara. Akimuuliza atagundua kwamba tatizo ni mkupuo, na dawa yake ni nyingine: mfuko wa dhamana. Kikundi au kata huweka dhamana ya miezi miwili kwa kila chumba, 60,000, mpangaji analipa kila wiki kwa mweka hazina wa kikundi, wewe unapokea kila mwezi. Akishindwa, dhamana inakufidia wakati unatafuta mwingine. Vyumba 10 vinahitaji 600,000, na fedha hiyo huzunguka, haiteketi. Mkataba uandikwe, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie.

Hatukufichi kwamba wapo ambao hesabu hii haiwafai: mzee asiyeweza kubeba mzigo, mgonjwa wa akili, aliyezama kwenye dawa za kulevya. Hao wanahitaji chumba pamoja na mtu wa kuwafuatilia. Finland walianza mwaka 2008 mpango wa taifa wa kumpa mtu kwanza nyumba na mkataba wa upangaji, kisha huduma zikamfuata mlemle ndani, bila kumtaka apone ndipo apangishwe. Wasio na makazi nchini humo, waliokuwa kama 18,000 mwaka 1987, walishuka chini ya 4,000. Na chama cha wasio na makazi chenyewe kilikuwapo Helsinki tangu 1986, kikisukuma.

Hata ramani ya chumba hubadilika mwenye shida akiulizwa. Wanawake wa kandokando ya barabara za Mumbai, wakiwa na umoja wao wa Mahila Milan, walipima nafasi kwa sari zao, wakachora nyumba yenye kimo cha futi 14 ili katikati pawekwe dari ya kulala. Sakafu ilikuwa finyu, wakaitafuta nafasi juu. Aliyezoea kulaza watu saba kwenye kipande cha kijia ndiye aliyeliona hilo.

SWALI: Na watoto wa mitaani? Tuwaite kwenye vikao hivihivi?

JIBU: Hapana. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa, lakini kikao chake kiwe mchana, mbali na watu wazima anaolala nao, na afisa ustawi wa jamii awepo. Tumieni michoro na michezo, dakika 40 zinatosha. Msimlipe fedha taslimu; chakula, nguo au sabuni inafaa, kwa sababu fedha atanyang'anywa usiku huohuo. Mkigundua kuna anayeumizwa, hilo haliwi tena suala la maoni: pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, na mfuateni afisa ustawi siku hiyohiyo.

SWALI: Sisi tulishawashirikisha. Mwezi Mei tulikaa na watu 14, wakasema mengi, tukaandika taarifa nzuri. Hakuna kilichofanyika, na sasa wakituona wanatugeuzia mgongo. Tumekosea wapi?

JIBU: Kwenye kalenda kwanza. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mwezi Mei Bunge liko katikati ya bajeti, na halmashauri zilishapitisha za kwao miezi ya nyuma. Mliwauliza watu rangi ya mlango wakati nyumba imeshaezekwa. Maoni yawe mezani kati ya Oktoba na Desemba, yapite mkutano wa mtaa, yafike kamati ya maendeleo ya kata kabla wataalamu wa jiji hawajakaa kupanga. Kila pendekezo liwe na bei na ofisi inayohusika. "Usalama uboreshwe" haina pa kuingia kwenye bajeti. "Taa mbili, kichochoro fulani, na mlinzi wa choo kwa miezi 12" ina pa kuingia.

Ombeni pia yale yasiyongoja bajeti. Saa za kufungua choo, barua za utambulisho bila namba ya nyumba, kusitisha kuzoa mizigo ya watu alfajiri bila kuwaonya: hayo ni maamuzi ya kikao kimoja. Mkipata moja kati ya hayo ndani ya wiki tatu, watu watakaa tena kuyasubiri yale makubwa.

Na kama lililoko mezani ni kuwaondoa watu mahali, mazungumzo yatangulie. Johannesburg ilitaka kuwatoa watu zaidi ya 400 kwenye majengo mabovu ya katikati ya mji, kwa sababu ya hatari ya moto na magonjwa. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliutaka mji kwanza ukae nao na kuzungumza kwa dhati, na katika hukumu yake ya Februari 2008 ikasema kumwondoa mtu bila mazungumzo hayo ni kasoro yenye uzito mahakamani. Wakati huo pande mbili zilikuwa zimeshakubaliana: majengo yaliwekwa salama kwa muda, na watu wakapatiwa pa kuhamia palepale katikati ya mji, karibu na kazi zao. Sheria ile ni ya kwao, lakini utaratibu wake unafaa popote.

Kosa la pili, na nadhani ndilo lililowaumiza zaidi wale 14, ni kutorudi. Rudini sasa, hata kama hamna habari njema. Chukueni ile taarifa, someni pendekezo moja moja kwa sauti, na kwa kila moja semeni limepita, limekataliwa na nani kwa sababu gani, au linasubiri nini na hadi lini. Nendeni usiku, saa zilezile, na mtu yuleyule wanayemjua. Waliokataliwa watakasirika, wasikilizeni mpaka wamalize. Wengine hamtawakuta, watakuwa wamehamia Kange au wamerudi kwao Korogwe. Majibu yao mwachieni muuza kahawa, naye atajua wa kumpa.